Mashine ya Vichwa Sita

Kwa wale mliokuwa mkiulizana tangu Jumapili iliyopita kama lile turubai lilimwangukia Mwaija: halikumwangukia. Liliteleza likaanguka pembeni, likatimua vumbi, na vumbi lilipotua ndani ya ghala lile la Korogwe ya Zamani, Mwaija akakiona kilichokuwa kimefunikwa.

Kilikuwa na vichwa sita.

"Mama yangu!" akasema.

Vichwa sita vya chuma, vimepangwa mstari mmoja kama wakubwa kwenye meza kuu, kila kimoja na sindano yake ikitazama chini kwa dharau.

"Mashine ya kutarizi," akasema Laurenti, mtunza ghala, kwa fahari ya mtu aliyeizaa. "Msaada kutoka nchi rafiki. Inakwenda kwa umeme. Na kule pembeni kuna cherehani sita za miguu. Nazo zinatarizi: maua, majina, njiwa, utakacho. Kijiji chenu kinapewa kimojawapo. Ama hii, ama zile. Chagueni."

Kama wewe umejiunga nasi leo, hujachelewa sana. Mwaija ni kiongozi wa kikundi cha akina mama wanaotarizi foronya katika kijiji cha ujamaa cha Kwamhuza, wilayani Handeni. Siku kijiji kilipoanzishwa, kuna waliotoa majembe, na kuna waliotoa hotuba. Mwaija alitoa cherehani. Ilikuwa ya miguu, ameachiwa na marehemu mama yake, na hakuna aliyemwomba aitoe. Alisimama tu mkutanoni akasema, "Hii ni yetu sote," akakaa chini akilia kwa furaha. Tangu siku hiyo akina mama wa Kwamhuza wanakula kwa cherehani ile.

"Mimi nachagua zile za miguu," akasema Mwaija haraka, kabla mtu mwingine hajapumua.

"Sababu?" akauliza Bwana Mhina, afisa wa maendeleo, kijana wa suti ya Kaunda mwenye kalamu tatu mfukoni, moja ikiwa na wino.

"Kijijini hatuna umeme, Ndugu Afisa."

"Umeme utakuja."

"Lini?"

"Kwa awamu."

"Sisi ni awamu ya ngapi?"

"Mama Mwaija, usiwe mtu wa kurudi nyuma."

Mwaija hakukoma. "Basi sababu ya pili. Wateja wetu ni mashangazi. Msichana akiolewa, kila shangazi anamletea foronya, na foronya ya shangazi huyu haifanani na ya shangazi yule. Zikifanana, watu wataanza kuulizana nani kamwiga nani, na hapo chakula cha arusi hakiliki. Kule Mombo ndoa nusura ivunjike kwa sababu ya njiwa wawili waliofanana. Sisi kazi yetu ni kutofautisha, ndugu yangu. Mashine hii inafanyaje?"

"Inatoa foronya sita kwa mpigo," Laurenti akajibu, "na zote sawasawa. Huwezi kutambua hii na ile."

"Umeona? Foronya sita sawasawa ni mashangazi sita wanagombana!"

"Mashangazi wataelimishwa," akasema Bwana Mhina.

Ikabaki kauli ya Mzee Semboja, mwenyekiti wa kijiji. Mzee huyu alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa na donda moja rohoni: kijiji jirani kilikuwa kimepata mashine ya kusaga, na tangu ipatikane, mwenyekiti wa huko hasalimii mtu kwanza. Semboja akaizunguka mashine ile mara mbili.

"Ile ya kusaga ya majirani," akauliza taratibu, "ina vichwa vingapi?"

"Mashine ya kusaga haina kichwa, Mzee."

"Haina hata kimoja?"

"Hata kimoja."

"Pakieni," akasema Semboja.

Mwaija alikuwa bado ameduwaa Bwana Mhina alipotoa kalamu yenye wino. "Jambo dogo tu. Jumamosi anakuja mgeni rasmi. Mashine mpya ikitoa kazi yake ya kwanza mbele ya mgeni rasmi, ile cherehani ya zamani inarudi hapa ghalani siku hiyohiyo. Kijiji kimoja, utaalamu mmoja. Atapewa mwenye shida zaidi."

"Cherehani yangu?"

"Ya kijiji."

"Niliitoa mimi!"

"Na kijiji kinakushukuru."

"Na mpya isipotarizi?"

"Isipotarizi mtabaki na ya zamani. Lakini itatarizi, mama. Ina vichwa sita."

* * *

Mashine ilifika Kwamhuza watu wakiiimbia. Ikagoma mlangoni. Chumba cha akina mama kilikuwa na mlango wa mtu, na mashine ile ilitaka mlango wa tembo.

Halmashauri ya kijiji ikakaa. Ikaamua mashine iingie kwenye ghala la mahindi, mahindi yahamie darasani, na darasa lihamie nje. Wote wakakubali kuwa hayo ni maendeleo, isipokuwa mwalimu, ambaye hakuulizwa.

Umeme ukaja kwa njia ya kuazima. Shamba moja la mkonge upande wa Korogwe lilitoa jenereta pamoja na fundi wake, Yordani. Baba yake Yordani alitoka mbali kuja kukata mkonge, na mwanawe alikulia pembeni ya korona, ile mitambo ya kuchambulia mkonge. Alikuwa mchangamfu, hakuwa na hofu ya kitu chochote, na hapo ndipo hatari ilipokuwa.

"Umewahi kuendesha mashine ya kutarizi, mwanangu?" Mwaija akamuuliza.

"Mama, mashine ni mashine. Korona inakula mkonge, hii inakula uzi. Tofauti ni mlo tu."

Ikaja hoja ya nani ataiendesha. Mwaija alidhani hoja hiyo haipo. Akina mama ndio watarizi, kwa hiyo akina mama ndio waendeshaji. Lakini kijiji kilikuwa na mabalozi sita wa nyumba kumi kumi, wote wanaume, na mashine ilikuwa na vichwa sita.

"Hesabu imejileta yenyewe," akasema Mzee Semboja. "Kila balozi kichwa chake."

Viti sita vikaletwa. Mabalozi sita wakakaa, kila mmoja mbele ya sindano yake, mikono magotini, wakingoja.

"Na sisi?" akauliza Mwaija.

"Akina mama mtakuwa na jukumu zito," akasema Bwana Mhina. "Maji ya kupoza jenereta."

Bibi Mashavu, mkongwe wa kikundi, ambaye macho yamechoka lakini ulimi haujachoka, akajifunga khanga vizuri. "Tumeletewa ng'ombe wa vichwa sita," akasema. "Wakamuaji wamepatikana. Twendeni tukabebe samadi, wenzangu."

Kicheko kilichozuka hapo hakikuandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano.

Siku ya Ijumaa likatokea balaa. Bwana Mhina alifungua sanduku lililokuja na mashine. Ndani mlikuwa na msokoto mkubwa wa karatasi ngumu, ambao kwa mujibu wa Laurenti ulipaswa kupachikwa kwenye gurudumu la pembeni. Akaukunjua. Akapiga kelele.

Karatasi ilikuwa na matundu. Matundu madogo, mengi, mwanzo hadi mwisho.

"Mchwa!" akasema Bwana Mhina.

"Mchwa!" mabalozi wakaitikia.

Tusiwacheke. Anayeijua Handeni anajua kuwa mchwa wa huko wameshakula milango, mikeka, vigingi vya mahema ya wapima ardhi na mguu mmoja wa meza ya mahakama. Karatasi yenye matundu, mahali pale, ina maelezo mamoja tu.

"Mali ya umma imeliwa ikiwa mikononi mwetu," akasema Bwana Mhina, jasho likimtoka. "Mgeni rasmi ni kesho. Mama Mwaija, akina mama wako wana vidole vizuri. Zibeni."

"Matundu yote?"

"Lisibaki hata moja."

Basi akina mama wakapika gundi ya unga wa muhogo. Wakakata vipande vya gazeti kuukuu, nami sitataja gazeti gani. Wakakaa mkekani, wakaziba tundu baada ya tundu, na katika wote hakuna aliyeziba vizuri kama Mwaija. Wacheni niseme ukweli wake: angeweza kuziba ovyo. Alijua kabisa kuwa mashine ikishindwa, cherehani ya mama yake inabaki. Lakini Mwaija alikuwa mtu ambaye akipewa kazi ya wote, vidole vyake vinakataa kuiharibu. Alilainisha kila kiraka kwa ukucha mpaka kikawa hakionekani.

"Mchwa wa nchi rafiki wana adabu," akasema Bibi Mashavu, akiinua karatasi usoni. "Wanakula kwa mstari."

Wakacheka, wakaendelea kuziba.

* * *

Jumamosi mgeni rasmi akafika. Wadhifa wake hasa hakuna aliyeujua pale kijijini. Alikuwa na dereva, alikuwa na mwavuli, na alikuwa na mtu wa kumshikia mwavuli. Ilitosha.

Nje ya ghala lilisimama lori. Juu ya lori, imefungwa kamba kama mbuzi wa sadaka, ilisimama cherehani ya Mwaija. Bwana Mhina alikuwa amekwishamwambia dereva akae karibu na usukani.

Hotuba zikapita. Ngoma ikapita. Yordani akavuta kamba ya jenereta, moshi mweusi ukafunika meza kuu, na mashine ikanguruma. Mabalozi sita wakashika viti vyao.

Tak! Mashine ikasimama.

"Nini?" akauliza mgeni rasmi.

"Uzi umekatika kichwa cha tatu, Mheshimiwa," akasema Yordani. "Kimoja kikikatikiwa, vyote vinasimama. Ndivyo ilivyoundwa."

Bwana Mhina akarukia nafasi hiyo kama mlinda mlango. "Mheshimiwa, umejionea mwenyewe! Mashine hii imeiva kisiasa kutushinda! Mmoja akikwama, wote wanamsubiri!"

Makofi. Lakini kwenye viti mambo yalikuwa mengine.

"Kichwa cha tatu ni cha nani?" akanong'ona Balozi Sadala wa kichwa cha kwanza.

"Changu, kwani vipi?" akajibu Balozi Salimu.

"Unatuaibisha. Nyumba zako kumi hata shambani huwa mnachelewa."

"Sasa uzi ukikatika ni mimi nimeung'ata?"

"Sijasema umeung'ata. Nasema kwako hakukosi jambo."

Mwaija akapita katikati yao, akatunga uzi upya kwenye sindano, akarudi ukutani. Yordani akaachia mtambo. Safari hii, kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa anatazama, akauachia kwa kasi ya korona.

Sindano sita zikashuka pamoja.

Zikaenda mbele moja kwa moja, mstari mrefu. Zikaendelea. Hazikukata kona, hazikufanya ua, hazikufanya jani. Kisha, ghafla, zikaruka pembeni zikachora mkwaju. Zikanyooka tena. Zikaruka tena. Kisha zikaanza kushona mahali pamoja, tak-tak-tak-tak, mpaka likaota fundo kama chunjua.

Mwaija alitazama ile karatasi ikipita kwenye gurudumu, akatazama sindano, akatazama karatasi tena. Kila sindano iliporuka, kiraka kimoja kilikuwa kimebanduka na tundu lilikuwa wazi. Penye kiraka kizuri, sindano zilikwenda kama vipofu.

Matundu yale ndiyo yaliyokuwa maua. Yalikuwa yanaiambia sindano pa kwenda. Na yeye, Mwaija, mwenye vidole vizuri kuliko wote, ndiye aliyeyaziba maua yote kwa uji wa muhogo.

Akaona aibu. Halafu, na mtu asimlaumu, nyuma ya aibu ikaja furaha ndogo, ikachungulia kama mtoto mlangoni. Mashine imeshindwa! Mbele ya mgeni rasmi! Cherehani inashuka kwenye lori!

Yordani akazima mtambo. Bwana Mhina alikuwa ameshika vitambaa sita, vyote na mikwaju ileile, vyote na fundo lilelile.

Mgeni rasmi akachukua kimoja. Akakigeuza. Akakigeuza tena. Akavaa miwani.

"Hii ni nini?"

Jibu lilikuwepo vinywani mwa wote, na wote wakafunga vinywa.

"Ngoja kidogo," akasema mgeni rasmi. Kidole chake kikafuata ule mstari mrefu. "Huu si mto Pangani?"

Bwana Mhina akapata pumzi. "Ndiyo, Mheshimiwa! Pangani wenyewe!"

"Na hapa unapokunja, Korogwe."

"Korogwe hiyo!" akasema Mzee Semboja.

"Na huku ni njia ya kuja Handeni."

"Handeni kabisa!" wakaitikia mabalozi, hata Salimu wa kichwa cha tatu.

"Na hili fundo?"

Bibi Mashavu akakohoa kutoka nyuma. "Hiyo ni ofisi ya maendeleo, Mheshimiwa. Mambo yote yakifika hapo yanakwama."

Mgeni rasmi akacheka, kwa kuwa alidhani ni mzaha, na alipocheka yeye wakacheka wote. Akainua kitambaa juu. "Ndugu wananchi! Wengine wanatarizi njiwa. Ninyi mmetarizi ramani! Nataka kila ofisi iwe na hii ukutani!"

Vigelegele vikapaa. Mabalozi wakakumbatiana. Mwaija peke yake alisimama pale ukutani, na ile furaha yake ndogo ikajifungia mlango.

Alikuwa amefikiria kila kitu: mashine kufanya kazi, mashine kuharibika, uzi kwisha, mafuta kwisha. Hakufikiria kuwa mtu anaweza kukosea mbele ya mkutano mzima na kosa likapigiwa makofi. Alitaka kusema. Aliyatazama macho ya wanakijiji wenzake, yalivyokuwa yanang'aa, watu ambao kwa miaka wamesikia tu kuwa wamechelewa, na leo wameambiwa wametangulia. Akaacha.

Nje, lori likawashwa.

* * *

Miguu ya Mwaija iliamua kabla yake. Alitoka mbio, akakanyaga tairi, akapanda. Akakaa kwenye kiti cha cherehani yake, akaweka nyayo kwenye kikanyagio, akatulia.

Bwana Mhina akafika akihema. "Shuka, mama."

"Sishuki."

"Mgeni rasmi yuko pale! Unataka kutuaibisha?"

"Sijasema neno. Nimekaa tu."

"Lori hili linabeba mali ya kijiji, halibebi watu!"

"Siku ile mkutanoni nilitoa vyote viwili, cherehani na mikono yangu. Mikono mmeipa kazi ya kuteka maji. Sasa mnachukua cherehani. Chukueni vyote."

"Mama Mwaija, nakuomba. Itakwenda kwa mwenye shida zaidi."

"Vizuri. Nataka nimwone huyo mwenye shida. Akiwa na shida kuliko Bibi Mashavu, nitamfundisha kuitumia, nitarudi kwa miguu."

Bwana Mhina akageuka nyuma. Mgeni rasmi alikuwa ameanza kutazama upande wa lori. Afisa akapiga bodi kwa kiganja. "Dereva, ondoka!"

Lori likaondoka. Akina mama wakakimbia nyuma yake, Bibi Mashavu mbele yao, hakuna aliyejua kwa miguu gani.

"Usiteremke mpaka umwone kwa macho yako!" akapiga kelele. "Na kama ni mnene, jua hana shida!"

* * *

Laurenti alikuwa anafunga ghala lori lilipoingia. Akatazama juu.

"Nimeambiwa nipokee cherehani moja. Wewe ni nani?"

"Mimi ni kipuri chake."

Laurenti akakuna kichwa. Alikuwa ameshapokea matrekta bila injini na injini bila matrekta. Hakuona sababu ya kukataa. "Shusheni vyote," akasema.

Ikashushwa cherehani, Mwaija akiwa pembeni yake ameshika mbao kwa mkono mmoja. Ndipo alipomwona msichana amesimama kivulini, gauni safi, viatu vya kisigino, ameshika mkoba kwa mikono miwili kama mtu aliyefika mapema kanisani.

"Shikamoo, mama," akasema msichana.

"Marahaba, mwanangu."

"Ndiyo yenyewe hii?" Akaigusa cherehani kwa ncha ya kidole, kwa upole, mpaka Mwaija akashindwa kumchukia. "Nzuri! Nilidhani itakuwa mbovu. Nimeambiwa kijiji kimepewa iliyo bora, hii hawaitaki tena."

"Umeambiwa hivyo?"

"Ndiyo. Mimi naitwa Rosina. Naolewa mwezi ujao. Hii ni zawadi yangu ya arusi."

Mwaija akashika kiti. Basi huyu ndiye mwenye shida zaidi! Akamtazama kuanzia viatu hadi nywele, na shida aliyoiona ni moja tu: kisigino cha kushoto kilikuwa kimeingia mchanga.

"Unajua kutarizi, mwanangu?"

"Hapana, mama. Lakini itapendeza sebuleni. Nitaiwekea kitambaa juu."

"Ni nani aliyekuahidi zawadi hii?"

Rosina akafungua kinywa kujibu. Honi ikampokonya jibu. Gari aina ya Land Rover likaingia uani kwa vumbi, mlango ukafunguliwa, mwavuli ukatangulia, na chini ya mwavuli akatoka mgeni rasmi mwenyewe. Alikuwa ameipenda ramani mno, hata akataka kupita kuliona ghala linalotoa maajabu kama yale. Bwana Mhina alikuwa nyuma yake. Njia nzima kutoka Handeni alikuwa amemweleza kuwa ghala limefungwa, funguo zimepotea, na mtunza ghala anaumwa surua.

Laurenti akapiga saluti, mzima kabisa.

Mgeni rasmi akapiga hatua mbili, akasimama kama aliyekanyaga moto. "Rosina?"

"Baba!"

Mwaija akaona midomo ya Bwana Mhina ikipauka.

"Unafanya nini hapa kwenye ghala la serikali?"

"Nimefuata cherehani yangu, baba."

"Cherehani yako?" Mgeni rasmi akavua miwani. Akaitazama cherehani, akamtazama binti, akamtazama afisa, ambaye kwa wakati huo alikuwa anachunguza mabati ya paa. Mwisho akamgeukia Mwaija. "Mama, nilikuona juu ya lori. Nieleze wewe. Cherehani hii ni ya nani?"

Mwaija alikuwa na jibu moja mdomoni tangu Kwamhuza: yangu. Ya mama yangu. Angelisema, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alikumbuka nyuso za akina mama wakikimbia nyuma ya lori, wengine wakiwa bado na ndoo za maji kichwani, na jibu lile likawa dogo mno.

"Ni ya kijiji cha Kwamhuza, Mheshimiwa. Nilikipa kwa mkono huu, sijajuta hata siku moja. Kijiji hakijamgawia mtu. Na ile ramani uliyoipenda si ramani. Tuliziba matundu ya karatasi kwa uji wa muhogo, mashine ikapotea njia."

Laurenti akashika mdomo. Dereva akazima injini ili asikie vizuri.

Mgeni rasmi hakukasirika. Afadhali angekasirika. Akazungumza polepole, kila neno peke yake, kwa sauti ya mtu anayetaka mashahidi wote wasikie.

"Nani aliyeamuru mali ya kijiji itolewe iletwe kwa binti yangu? Nani? Amtaje mbele yangu, na leo hii kazi hana!"

Bwana Mhina akamtazama Rosina kwa macho ya kuomba.

Lakini Rosina hakuyaona. Alikuwa amekunja uso, anashangaa, kama mtoto anayeulizwa jina la mtu aliyesimama mbele yake. Akainua kidole. Kidole kikampita Bwana Mhina bila kusimama, kikaenda mbele, kikatua chini ya mwavuli.

"Si wewe, baba?"